Nchi Ndogo Juu ya Sinia

Ijumaa jioni nimekaa barazani kwangu Galu na kikombe cha kahawa tungu, upepo wa kusi unavuma vizuri, sidaiwi na mtu isipokuwa mwenye duka, mara mjukuu wangu akatokea na daftari. Mtoto huyu ana njia mbili za kuniita. Mbele ya watu mimi ni babu. Akiniita "tsawe", kwa Chidigo cha bibi yake, najua kuna pesa zinakwenda kunitoka.

"Tsawe," akasema.

Nikaweka kikombe chini.

Zamani mtoto akipewa kazi ya nyumbani, alipewa yeye. Aliandika hesabu kumi, akakosa sita, akachapwa, dunia ikaendelea. Tangu uje huu mtaala mpya, mwanafunzi ni mimi. Mtoto ni tarishi wa kuleta barua kutoka shuleni. Mwaka jana nilivuliwa kanzu yangu ya Idi ikavishwa sanamu ya kutishia ndege, na ndege wa Galu, ambao ufukweni wameona watu waliovaa ajabu zaidi ya hiyo, wakaja wakatua kichwani pake. Muhula uliopita nilipigwa picha nikifagia uwanja, kwa sababu mwalimu alitaka ushahidi kwamba mtoto anajua kufagia. Mtoto ndiye aliyepiga picha.

Safari hii daftari lilisema hivi: nchi ndogo ya Amerika Kusini, jografia yake, watu wake na lugha zake, tengeneza ramani kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yako, ilete Jumatatu. Chini yake, kwa wino mwekundu, Suriname.

"Na wa jirani kapewa nchi gani?"

"Uruguay, tsawe."

Hapo nikaiona dhuluma ilipoanzia. Uruguay hata kuku wa hapa wanaijua. Ndio waliobeba Kombe la Dunia la kwanza kabisa, mwaka 1930, na ndio waliomzaa Suárez aliyemng'ata Mwitaliano begani watu wakitazama. Unaandika hayo mawili, kazi imekwisha, mtoto analala. Sisi tumepewa nchi ambayo hata redio haiitaji, wala haijamng'ata mtu.

Jumamosi asubuhi nikapanda boda mpaka Ukunda, kwa kijana wa saiba. Nikamwambia nataka habari za Suriname, kurasa nne, za rangi. Akabonyeza, akanipa, nikalipa. Nimefika Galu, nimevaa miwani, naona kurasa nne nzima zinaeleza jinsi Wachina wanavyotanguliza jina la ukoo na jinsi Waarabu wanavyotumia "bin". Kijana ameandika Surname.

Nikarudi Ukunda kwa boda ileile, na dereva sasa ananiita rafiki. "Lakini mzee," kijana akasema, "si ulisema jina la ukoo?" Nikamwambia neno hilo limenitesa maisha yangu yote kwenye fomu za serikali, siwezi kulilipia tena kwa rangi. Sisi huku mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Karani akitaka la ukoo ninampa la babu yangu. Mwanangu naye akiulizwa anatoa la babu yake, ambaye ni baba yangu mimi. Kwa hivyo kwa karatasi mimi na mwanangu hatujuani. Kuna siku niliulizwa dirishani, mbele ya foleni nzima, kama nina hakika huyu kijana ni wangu. Mama yake alikuwa amesimama hapo hapo.

Kurasa za pili zilikuwa zenyewe. Nikazisoma kwenye matatu, na tulipofika njia panda nilikuwa nimeshakasirika.

Ati nchi ndogo! Suriname ni nchi ndogo kuliko zote zilizo huru Amerika Kusini, sikatai. Ina kilomita mraba 163,820. Kaunti yetu ya Kwale ina 8,270. Maana yake ukiipasua Suriname unapata Kwale 19 na kipande cha kubaki. Sasa tazama watu. Wao wote, na mji mkuu wao Paramaribo, na misitu yao, na mito yao, hawapiti sana 600,000. Sisi sensa ya 2019 ilitukuta 866,820, na hiyo ni bila kuwahesabu waliojificha wakidhani ni watu wa kodi. Kwale ina watu wengi kuliko nchi nzima yenye bendera, wimbo, sarafu na kiti chake Umoja wa Mataifa! Wao wakiamka asubuhi balozi wao anakwenda kuhutubia dunia. Sisi tukiamka tunakwenda Likoni kungoja kivuko.

Na hata hilo la kivuko walilimaliza zamani. Paramaribo ina mto mpana mbele yake, na ng'ambo kuna watu kama sisi wa Kusini, waliokuwa wakivuka kwa feri kwenda mjini kutafuta riziki. Mwaka 2000 wakafungua daraja refu la kuvukia mto, magari yanapita juu, upande wa kushoto kama hapa kwetu. Mimi daraja la Likoni nimelisikia tangu nina meno yote. Najua watasema sasa kuna njia ya Dongo Kundu. Ipo, na ni nzuri, na mtu mwenye gari anaisifu. Mimi na jogoo wangu chini ya kwapa tunaendelea kupitia Likoni.

Jambo moja tunafanana nao: watu wamejibana pwani. Zaidi ya asilimia 90 ya nchi yao ni msitu mtupu, na karibu kila mtu kakaa ukanda wa bahari. Sisi pia tumerundikana huku mchangani kama dagaa, na ukipanda Kinango unatembea mpaka unamkumbuka Mungu. Ila msitu wetu umebaki wa kuhesabu. Kaya Kinondo hapa jirani, iliyoingia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, unaingia umejifunga kaniki nyeusi kiunoni, unaonyeshwa miti yake kwa heshima, na unatoka chai uliyoacha nyumbani haijapoa.

Jografia ya Galu yenyewe ni kesi. Mimi nilifunzwa na watu ambao sasa wamekufa kwamba ukitoka Diani kwenda kusini unafika Galu, ukizidi unaingia Kinondo. Lakini hoteli nyingi za Galu zimejiandika Diani, kwa sababu Mzungu ameisikia Diani na Galu hajaisikia. Kila ikifunguliwa hoteli mpya, Diani husogea kusini mita mia mbili, kimyakimya, bila vita. Ipo siku nitaamka nikute nimelala Diani na kodi ya nyumba imepanda usiku. Wala jina lenyewe halinisaidii kulitetea: Mmalawi mmoja niliyefanya naye kazi hotelini alicheka siku tatu aliposikia ninapotoka. Kwao galu ni mbwa.

Nilitaka kuishia hapo, niandike kurasa mbili mtoto anakili. Kosa langu ni kwamba nilipitia barazani kwa muuza kahawa, chini ya mwembe, karatasi ziko mkononi. Baraza letu halijawahi kuona karatasi ya rangi likainyamazia.

Wakataka nisome. Nikasoma kwamba Suriname ilikuwa nchi ya miwa. Waholanzi walileta watumwa kutoka Afrika Magharibi wakawakatisha miwa, na watumwa walipoachwa huru mwaka 1863, wenye mashamba wakaenda kutafuta wengine: meli ya kwanza ya Wahindi ikatia nanga 1873, na kuanzia 1890 wakaletwa Wajava kutoka Indonesia ya leo, zaidi ya 30,000 hata kufikia vita vya pili vya dunia. Wote kwa mkataba wa miaka mitano, na wengi hawakurudi.

Fundi wetu wa vinyago, Mmakonde, aliacha kupiga patasi. "Hao ni sisi," akasema. "Babu yangu katoka Msumbiji kuja kukata mkonge, kisha akapelekwa Ramisi kwenye miwa. Mkataba wake mimi sijauona mpaka leo."

Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, miwa ikaota nyasi, na Wamakonde wakabaki hapa Kwale hawana kazi wala kitambulisho. Mwaka 2016 wakakata shauri kwenda Ikulu Nairobi kumwona Rais, wakaondoka kwa miguu. Februari mwaka uliofuata wakaandikwa kabila la 43 la Kenya na vitambulisho wakapewa hapo Ukunda, na fundi huyu alikuwa mmoja wao. Siku hizi ukimuuliza saa anatoa kitambulisho. Miezi michache baadaye Wakenya wa asili ya Kihindi wakatangazwa kabila la 44, na hapo ndipo fundi hupenda kusimama kidogo, akatazama watu wote: "Mara ya kwanza tangu Ramisi ijengwe, mkata miwa kuwa mbele ya Mhindi kwenye foleni."

"Nyinyi mlikuwa na haraka," akasema mvuvi wetu wa Kipemba, akitafuna kashata. Wapemba wamevua bahari hii tangu enzi za mababu, wamezaa, wamezika, na kutambuliwa wametambuliwa Julai 2023. Miaka yote hiyo walitoka usiku na ngalawa wakirudi alfajiri, na wakikutana na askari mmoja wanakuwa Wadigo, wakikutana na mwingine wanakuwa wageni wa harusi. "Harusi gani ya miaka sitini?" nikamuuliza. "Bibi harusi alikuwa akichelewa," akanijibu.

Nikaendelea kusoma. Nilipofika kwa Wamaroni, mambo yakaharibika. Hawa walikuwa watumwa waliotoroka, watoro, wakaingia msituni wakajenga vijiji vyao juu ya mito, wakawa wanateremka kuyavamia mashamba mpaka Mholanzi akachoka. Mwaka 1760 akalazimika kufunga mkataba wa amani na Wandyuka, na baadaye na Wasaramaka. Mpaka leo wako huko na lugha zao wenyewe, na ukoo wanauhesabu kwa mama: mali na cheo cha mtu huelekea kwa watoto wa dada yake.

Mzee mmoja wa Kidigo, ambaye tulidhani amelala, akafungua jicho.

"Wadigo hao."

"Mzee, wametoka Afrika Magharibi."

"Walipitia wapi?"

Nikamweleza. Hakutaka. Kwake yeye mtu akirithi kwa mjomba ni Mdigo, hata akiwa amevaa barafu. Na huyu mzee ana sababu zake. Alikuwa arithi minazi arobaini ya mjomba wake kwa desturi ya zamani. Watoto wa marehemu wakaenda kwa kadhi, kadhi akafungua Kitabu, na minazi ikaenda kwa watoto. Tangu hapo akikutana na jambo lolote lenye mjomba ndani yake hulishika haliachi. "Huko Suri-nini," akauliza, "kadhi yupo?" Nikatazama karatasi. Waislamu wapo, wengi wao Wajava na Wahindi, na Paramaribo kuna msikiti mkubwa uliokaa ubavuni mwa sinagogi la Wayahudi, pua kwa pua. Kuhusu kadhi karatasi ilinyamaza. "Basi mimi nitakaa huko juu mtoni," mzee akasema, akafumba jicho lake.

Hapo vijana wa steji ya boda walikuwa wameshasogea. Mmoja, ambaye shule aliiacha darasa la sita na hajawahi kuijutia, akaniambia Suriname anaijua vizuri: Seedorf na Davids, wale viungo wa Uholanzi, wote wamezaliwa Paramaribo, Gullit naye baba yake wa huko, hata Van Dijk wa Liverpool mama yake ana asili ya huko. Nimekwenda Ukunda mara mbili kwa boda yake huyu kijana, ameniona nahangaika na karatasi, na alikuwa na habari zote kichwani. "Hukuniuliza, mzee," akasema.

Na kijana wa ufukweni, mmoja wa wale wetu wanaouza safari za miamba na vikuku vya shanga, akaongeza kwamba Wasuriname anakutana nao. "Waholanzi weusi! Wanashuka hotelini tunawakimbilia kwa Kiswahili, tunadhani ni ndugu kutoka Nairobi. Wanatujibu Kiholanzi, tunawageuzia bei."

Mimi lugha hunigusa, kwa hivyo mniwie radhi nikikaa hapa kidogo. Nimekuwa weita miaka 27. Nimejifunza Kijerumani kwa supu na Kitaliano kwa samaki, na miaka yote hiyo nimewaambia wageni "Jambo!", neno ambalo nyumbani kwangu hakuna kiumbe aliyewahi kuniamkia nalo. Vijana wa leo wameongeza Kipolandi, maana Wapolandi wamejaa Diani msimu hata msimu. Utamkuta mtoto wa Mwabungo anauza dafu kwa lugha ambayo sisi wengine hata kupiga chafya nayo hatuwezi.

Suriname nao wamejaa lugha hivyo hivyo. Kiholanzi ni cha ofisi na shule, nchi pekee Amerika Kusini yenye balaa hilo. Wahindi wao wana Kisarnami, Wajava wana Kijava, Wamaroni wana lugha zao karibu nusu dazeni, wenyeji wa asili waliokutwa na wote hao wana Kilokono, Kikalina, Kitrio na Kiwayana. Na ili wote hao waweze kutukanana sokoni wana Sranan Tongo, lugha waliyoiunda watumwa wa mashambani, maneno yake mengi yakiokotwa kwa Mwingereza aliyetangulia kutawala. Mholanzi aliidharau, akaiita "taki-taki", na mwaka 1876 ulipokuja ulazima wa kusoma, shuleni kikatakiwa Kiholanzi peke yake.

Niliposoma hapo nikajishika shingo. Mimi nimevaa kibao. Shule niliyosoma, mtoto akisikika anasema lugha ya kwao alivishwa kipande cha mbao kwa kamba, naye alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Siku moja mtungi wa maji wa mwalimu ulipasuka mgongoni kwake, na mimi kwa kutaka kumwokoa nikapiga kelele "Madzi! Madzi!" Mwalimu akalowa, na mimi nikavishwa kibao. Kila mtu darasani alifunga mdomo wiki nzima nisipate wa kumpa. Kwa hivyo mtu asinieleze kwamba Chidigo ni Kiswahili kilichopinda, kama anavyonieleza jirani yangu mmoja wa kutoka bara ambaye yeye mwenyewe akisema Kiswahili ngeli zinakimbilia msituni. Madzi ni madzi. Watu ni atu. Mvua ni mvula. Sisi hatukupinda kitu.

Tukaanza kuzihesabu zetu. Chidigo na Chiduruma. Ukishuka Shimoni na Wasini, Wavumba na Kivumba chao. Kusini mwa Msambweni na Funzi, Wachifundi na chao. Wasegeju, ambao wengi leo wanasema Chidigo au Kiswahili. Kipemba cha mvuvi. Kimakonde cha fundi. Kikamba cha juu Shimba Hills, ambako embe zinatoka. Kijaluo, Kikikuyu, Kigujarati cha duka la vipuri. Wadigo wenyewe wamekatwa na mpaka wa Mwingereza na Mjerumani, wengine wako Tanga, na mtu akifiwa Vanga msiba una nchi mbili. Tulipofika lugha ya kumi na nne muuza kahawa akasema tunamzuia na wateja, ingawa wateja ndio sisi.

Lakini kilicholitikisa baraza ni habari ya New York. Karatasi ilisema Mwingereza ndiye aliyeanza kukaa Suriname, mwaka 1651, na Mholanzi akaja akamnyang'anya. Wakati huohuo Mwingereza naye alikuwa amemnyang'anya Mholanzi kijiji kimoja huko Amerika Kaskazini, New Amsterdam. Mwaka 1667 wakakaa Breda kupatana, wakakubaliana kila mtu abaki na alichonacho mkononi. Mholanzi akaondoka anacheka, kapata miwa. Mwingereza akabaki na kijiji, ambacho ndicho New York.

Baraza zima likageuka kumtazama mzee mmoja kwenye kona. Huyu, miaka ya nyuma, alimpa mgeni shamba lake la ufukweni hapa Galu, kutoka barabarani mpaka majini, kwa pikipiki moja na redio ya kaseti. Leo pana hoteli yenye mabwawa mawili ya kuogelea. Pikipiki ilikufa kabla ya mvua za pili. Miaka yote hii tumemcheka, hata watoto wakipita humwigia mlio wake. Sasa alinyanyuka taratibu, akanitaka nisome tena pale. Nikasoma tena. "Mholanzi," akasema. "Mtu na serikali yake na wanasheria wake." Akakaa, akaagiza kahawa ya watu wote. Mara ya mwisho alipoagiza ya watu wote alikuwa amekuja na pikipiki.

Mvuvi akamwunga mkono kwamba hata sisi sote ni mali iliyowahi kukodishwa: mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar alimwachia Mwingereza ukanda wa maili 10 wa pwani hii autawale, kwa paundi 11,000 kwa mwaka. Tukajaribu kugawanya tuone kila Mdigo na mnazi wake alikuwa ni senti ngapi. Hesabu ikatushinda, na mwenye redio akasema hata hivyo yeye alipata zaidi.

Bwawa lile la hoteli ndilo lililonifanya nisome kipande cha mwisho nikiwa nimesimama. Michezo ya Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, kijana Anthony Nesty wa Suriname alimshinda Mmarekani Matt Biondi katika mita 100 mtindo wa kipepeo, kwa mia moja ya sekunde, akachukua dhahabu. Nchi yake nzima wakati huo ilikuwa na bwawa moja tu la mita 50. Hapa kwetu Galu ninaweza kupiga jiwe likapita juu ya mabwawa matatu, na watoto wetu tunawakataza kuyasogelea kwa sababu kuna askari na mbwa. Hao mbwa ndio galu halisi.

Jumapili ikawa siku ya ujenzi. Nilichukua sinia kubwa la mke wangu, lile la pilau, bila kumwambia. Nikasonga ugali mgumu nikautandaza umbo la Suriname. Kaskazini nikaacha ukingo wa sinia uwe Atlantiki. Msitu nikaufanya kwa mchicha, nikiubandika jani kwa jani mpaka mgongo ukaniuma. Mito nikaifanya kwa uzi wa nyavu wa buluu. Paramaribo ikawa kifuniko cha soda. Kisha watu: Wahindi choroko, Wajava mchele, Wakrioli wa mjini, wale wa uzao wa watumwa, maharagwe, Wamaroni kunde huku kwenye mito, wenyeji wa asili njugu chache kule ndani. Wachina na Wabrazili nikawatafutia mbaazi, zikawa zimeisha asubuhi na mahamri.

Kazi ngumu ilikuwa mpaka. Kule kusini magharibi Suriname na Guyana wanagombania pembe moja ya msitu, mto upi ndio mkuu na upi ni kijito, na ugomvi huo haujaisha. Mjukuu akaniuliza pembe hiyo iwe ya nani. Nikamwambia mimi mpaka wa Galu na Diani umenishinda, nitaupata wa watu? Tukaipigia mstari wa ufuta, iwe ya Mungu.

Mke wangu akatoka jikoni, akatazama sinia lake kwa muda mrefu. "Umepika githeri," akasema, "na haijaiva."

Tukaliweka juu ya paa la kibanda likauke kwa jua. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na mkaaji yeyote wa Galu ameshaliona. Hapa tunao mbega, wale wa manyoya marefu meusi na meupe, ambao wageni huwapiga picha mpaka simu zinakufa. Mbega ana adabu, anakula majani yake juu huko, hana habari na mtu. Wametengenezewa ngazi za kamba juu ya barabara ya Diani wavuke salama, jambo zuri, ingawa mimi nimeivuka barabara hiyo miaka yangu yote na sijawekewa hata kamba. Lakini kima naye huzipanda ngazi hizo bure, na kima ni jambazi. Anajua siku ya soko. Anajua nyumba ya mwenye manati na ya asiyekuwa na manati.

Nilisikia bati likigonga. Alikuwa mmoja, dume, amekaa kitako pembeni mwa sinia kama karani wa ardhi. Alianza na ile pembe inayogombaniwa, akaimaliza yote na ufuta wake, na tangu siku hiyo mimi sina shaka ni ya nani. Kisha akaingia msituni kwa mikono miwili. Nilipofika na ufagio alikuwa amemaliza mchicha na yuko kwa Wajava. Akachambua choroko akaila, maharagwe mabichi akayatema, akaokota Paramaribo, akailamba, akaona ni bati, akanitupia kichwani. Mjukuu wangu amekaa chini anacheka mpaka machozi, anapiga picha kwa simu yangu.

Jumatatu alikwenda na sinia lilivyobaki: ugali wenye alama za meno, uzi wa buluu, na kifuniko nilichokirudisha mahali pake. Jioni daftari likarudi. Uruguay, ambayo mama wa mtoto wa jirani aliinunua tayari kwa fundi wa mbao, ilizidisha matarajio. Sisi tulikaribia matarajio. Mwalimu alikuwa ameandika chini kwa wino wake mwekundu: ramani haina watu.

Nilitaka kumjibu papo hapo, kalamu nilikuwa nayo. Mke wangu akanipokonya, akasema nitaandika kwa Chidigo na mtoto atavishwa kibao. Kisha akauliza nani atamlipa choroko yake.

Kima yule huja kila jioni sasa. Hakai tena mbali. Anakaa juu ya paa la kibanda, mikono magotini, anatazama mlango wa jikoni ambako sinia limeegemezwa, anangoja Uruguay.